Sensa inahesabu waliolala, duka linataka wanaopita

Juzi baada ya isha kijana mmoja wa Wete, hapa Pemba, kaniandikia: "Kaka, nina milioni nne, nataka kufungua duka la nguo. Wenzangu wananambia nibaki hapa hapa nyumbani, sisi tuko wengi kuliko Chake Chake. Wewe ulishawahi, hebu nishauri." Nimeusoma ujumbe mara tatu. Hilo "ulishawahi" limenigusa pabaya, maana najua wamemwambia nini huko barazani: nenda kamuulize yule aliyefilisika.

Haya, nimeulizwa, nasema.

Duka langu la kwanza nililifungua Wete katikati ya msimu mkubwa wa karafuu. Wapemba wenzangu mnaijua hali hiyo. Majamvi yameanikwa mpaka ukingo wa lami, gari zinapita kwa adabu, mji mzima unanukia. Kilo ya daraja la kwanza ilikuwa shilingi 14,000, na mwanamke aliyetoka kupokea pesa zake alikuwa anaingia dukani vidole bado vyeusi kwa utomvu wa makonyo, anachagua madera mawili na mtandio, na bei haulizi mara ya pili. Wiki ya kwanza niliishiwa mabaibui. Nikampigia tajiri wangu wa soko la Darajani, Unguja, aniletee mzigo mwingine kwa mkopo. Nilikuwa nikitembea kifua mbele, mama watoto akinicheka.

Na hesabu nilikuwa nayo, msidhani nilikurupuka. Sensa ya 2012 niliikariri kama juzuu: Wilaya ya Wete watu 107,916, Chake Chake 97,249. Juu ya hapo nikajiongezea Micheweni na watu wake 103,816, nikasema hawa nao wataenda wapi kama si kwetu? Mkoa wote wa Kaskazini Pemba, yaani Wete na Micheweni, nikautia mfukoni mwangu. Kila aliyenishauri niangalie Chake nilimjibu kwa methali: mcheza kwao hutunzwa.

Msimu ukaisha. Majamvi yakakunjwa, barabara ikarudi kuwa barabara. Sitawachosha na miezi iliyofuata. Nilikaa kwenye kigoda nikipangusa vumbi kwenye madera yale yale.

Siku moja tu niisimulie, kwa sababu hainitoki. Jirani yangu, mama wa makamo, mtu wa kupelekeana sahani za futari, alishuka kwenye gari ya Chake alasiri na mfuko mweusi wa plastiki. Aliponiona mlangoni akauingiza mfuko ndani ya buibui, akanisalimu haraka, akapita. Jioni ile mwanawe alikuja kwetu kucheza, kajifunga mtandio mpya wa kijani, shashi yenye ushanga pembeni. Mitandio ile ile ilikuwa inaning'inia kwangu, sita, rangi tatu. Sikumchukia. Nilikwenda kumuuliza kwa utani, akaniambia ukweli: "Mwanangu, nilikwenda kufuatilia karatasi zangu ofisini. Nikapita sokoni. Sikutoka nyumbani kwenda kununua."

Sikutoka nyumbani kwenda kununua. Laiti ningeyasikia maneno hayo kabla ya kulipa kodi ya mwaka mzima.

Chake imekaa kitovuni mwa kisiwa. Wa Mkoani, mji wa bandari kule kusini, akitaka kuja kaskazini anapita Chake, wa Konde kule Micheweni akienda kupanda meli Mkoani anapita Chake, na barabara ya Konde yenyewe haiingii Wete mjini hata kidogo, kwa hiyo wale watu wangu wa Micheweni niliowatia mfukoni walikuwa wananipita mbali. Uwanja wa ndege uko huko. Ofisi za wizara kwa upande wa Pemba, nyingi ziko huko. Mpira mkubwa unachezwa uwanja wa Gombani, huko huko. Mtu wa Wete anaweza kuisema vibaya Chake wiki nzima, na siku ya Jumatatu umkute amesimama pale pale, karatasi mkononi na njaa tumboni.

Nilifunga. Bangili mbili za mke wangu zilikwenda kumlipa tajiri wa Darajani, na mpaka leo sijazirudisha. Akisoma hapa atajua sijasahau.

Kabla ya kuanza tena nilifanya jambo nililopaswa kulifanya mwanzo. Nilichukua tasbihi ya marehemu babu, ile ya punje tisini na tisa, nikakaa kwenye baraza ya muuza kahawa karibu na soko la Chake tangu saa mbili asubuhi. Kila mwanamke aliyepita, punje moja. Muuza kahawa alidhani nina nadhiri, akawa ananitilia kahawa bila kunidai. Kufika adhuhuri tasbihi ilikuwa imezunguka mara sita. Wiki iliyofuata nikakaa mbele ya duka langu la zamani Wete, saa zile zile. Haikumaliza mzunguko wa pili.

Basi ndiyo maana namwambia kijana, na ninyi wengine wenye mitaji ya kuungaunga: msiulize mji una watu wangapi. Karani wa sensa anamwandika mtu pale alipolala usiku ule. Mimi simuuzii mtu dera akiwa amelala. Ninamtaka saa nne ya mchana, ametoka ofisini, ana dakika kumi za kusubiri gari ijae.

Na hata huo wingi wenyewe tuliokuwa tukijivunia umekwisha. Tazameni sensa ya 2022. Kaskazini Pemba watu 272,091, Kusini Pemba, mkoa wa Chake, 271,350. Miaka kumi nyuma tulikuwa tunawazidi kwa zaidi ya 16,000, sasa tunawazidi kwa 741. Wageni wa harusi moja nzuri ya pale Jadida, Wete. Barazani bado watu wanabishana kama vile hesabu ni ile ile ya zamani, na mimi nilikuwa miongoni mwao, sauti yangu ya juu kuliko zote.

Msinielewe vibaya, wazee wangu wa Wete. Kwa kukaa, Wete inaishinda Chake mbali. Barabara yetu pana, upepo wa bandarini unafika hadi kitandani, jirani anajua mwanao amekula nini. Chake ni vilima na msongamano, mwenye fremu anapandisha kodi kabla hujakaa vizuri, na ofisi zikifungwa Ijumaa mji unalegea mpaka Jumatatu. Wateja wangu wa serikalini wanakopa vizuri sana, kulipa ni mwisho wa mwezi, na si kila mwezi una mwisho. Haya sikuambiwa na mtu, nayajua kwa daftari la madeni lililo mbele yangu sasa hivi.

Kwa hiyo mimi nalala Wete, nauza Chake. Nauli ya kila siku inaniuma lakini hainifilisi. Wenzangu wananiita Mchake. Waite tu.

Kijana, fanya hivi: kaa uhesabu. Usifungue ndani ya msimu wa karafuu, fungua msimu ukiwa umekwisha, uone nani anabaki. Kaa uhesabu tena. Usimsikilize anayekwambia "nyumbani" kama hana hata shilingi yake ndani ya duka. Na usimchukie anayekwenda kununua mbali, mfuate uone anapita wapi.

Tena tuache hii kelele ya Wete na Chake, tunajisumbua bure. Mkoa wa Mjini Magharibi, kule Unguja, ulikuwa na watu 593,678 mwaka 2012, ukafika 893,169 mwaka 2022. Pemba nzima, kaskazini na kusini, ni 543,441. Sisi tunagombania watu 741, huku kila wiki kuna rika letu linapanda meli Mkoani na begi moja. Mdogo wangu wa kiume ni mmoja wao, yuko Magharibi huko anauza simu, na duka langu la pili nilipanga liwe lake.

Nimemjibu kijana kwa ufupi: gari ya kwanza inaondoka baada ya alfajiri, tukutane kituoni. Tasbihi nitamwazima, ila airudishe, ni ya babu.