Lesi ya sare: kabla hujamlipa muuzaji soma hapa kwanza

Msimu wa harusi ukifika kamati inachagua rangi, mtu anakimbilia Kariakoo anarudi na yadi 5 za lesi, anampelekea fundi sendoff ikiwa imebaki wiki, gauni likikaa vibaya lawama zote kwa fundi. Mimi nashona, na nawaambia ukweli jamani, mara nyingi gauni la lesi linakua limeshaharibikia dukani, siku ile ile ya kununua.

Kwanza ijue unayonunua. Ile wanayoiita ya Kifaransa ni neti nyepesi iliyodariziwa maua. Gipua ni nzito na haina neti kabisa, maua yanashikana yenyewe kwa nyuzi fupi fupi, maana kiwandani wanadarizi juu ya kitambaa halafu kile kitambaa kinayeyushwa unabaki uzi mtupu, ufundi uliokomaa karne ya 19 huko Plauen Ujerumani na St. Gallen Uswisi. Halafu kuna ya pamba yenye vitobo, ile Wanigeria waliipenda mpaka viwanda vya Austria vikawa vinawatengenezea wao tangu miaka ya 1960. Ukitaka kuijua pamba omba kipande cha uzi ukichome, pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini, poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Sasa pindo, na hapa ndo watu wengi wanapoumia. Yale mawimbi mazuri unayotaka yaje chini ya gauni yako pembeni mwa kitambaa, kwahiyo fundi lazima akate kwa kufuata upana, na lesi nyingi upana wake ni kama inchi 50 tu. Toka kiunoni mpaka chini inatosha vizuri, toka begani mpaka chini kwa mtu mzima haifiki! Ukitaka gauni refu lisilokatwa kiunoni itabidi fundi akate lile pindo alishonee upya chini kwa mkono, kazi ya masaa mengi na ina bei yake, so mkubaliane mapema, nunua na yadi moja ya ziada.

Bitana nayo, kile kitambaa cha ndani, usiiache iwe ya mwisho. Bitana ndo inabeba gauni, lesi imelala tu juu. Ukitaka rangi ya ngozi toka nje ya duka, weka bitana juu ya mkono wako, lesi juu yake, uangalie kwenye mwanga wa jua, taa za dukani zinadanganya sana. Na usichukue ile ya bei ya chini inayong'aa, ukumbini kuna joto, inagandia mwilini, utacheza muziki huku unajivuta gauni usiku kucha.

Kwa wanaoshona wenyewe, neti inapenda kumezwa na cherehani. Weka karatasi nyeupe chini yake, shona juu ya karatasi, ukimaliza ichane taratibu. Sio gazeti tafadhali, wino unahamia kwenye lesi nyeupe na hautoki. Sindano namba 11 mpya inafaa kwa neti, gipua nzito weka 14.

Kufua ni maji ya baridi, usikamue, na gipua usianike kwenye kamba maana ikilowa inakua nzito inajivuta yenyewe, itandaze juu ya taulo. Pasi ya vuguvugu, upande wa nyuma, na kitambaa juu yake. Na siku ya kuchukua gauni mwambie fundi akupe vipande vyote vilivyobaki, hata viua vidogo, mkufu au kucha ikija kunasa na kuchana ua moja utashonea kingine palepale na hakuna atakayejua.