Msitu Una Wenyewe: kwa Anayekwenda Mara ya Kwanza

Safari yangu ya kwanza ya kuvuka msitu wa kitropiki tulikuwa watu watano, marafiki wa miaka mingi, na mpango wetu ulisema kilomita 15 kwa siku. Siku ya kwanza tulitembea kutwa nzima tukapata kilomita 6. Siku ya pili, 4. Jioni ya siku ya tatu mwenzetu mmoja aliikunja ramani akaitia mfukoni, akasema hataki kuiona tena kwa sababu inamtukana.

Naanzia hapo kwa sababu hapo ndipo wengi hukosea, kabla hata hawajafunga shanta. Kilomita ya msituni ina ukoo mwingine kabisa na ile ya barabarani. Kuna mizizi iliyosimama kama kuta, magogo ambayo ama uyapande ama uyazunguke, tope, vijito visivyo na idadi, na mitambaazi inayokushika begi kama mdai aliyekuona sokoni. Mahali pasipo na njia, kilomita 1 kwa saa ni mwendo wa kujivunia. Kwa hiyo pima siku yako kwa saa za mwanga. Karibu na ikweta mchana ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, jua likizama halina magharibi ndefu, na chini ya miti giza hutangulia, maana hata adhuhuri mwanga unaofika ardhini ni sehemu ndogo mno ya ule unaopiga vilele. Sisi siku hizi ikifika saa tisa alasiri tunaanza kutafuta pa kulala, hata kama miguu bado inataka. Anayetafuta pa kulala kwa tochi hulala popote, na popote msituni ni pabaya.

Kuhusu marafiki. Rafiki wa kucheka naye mjini si lazima awe rafiki wa kukaa naye chini ya turubai moja siku ya nne ya mvua. Watu huchagua wenye nguvu. Mimi namtafuta mtu anayesema mapema kwamba anaumia. Yule shujaa anayeficha lengelenge siku mbili ndiye atakayebebwa siku ya tatu, na atakayembeba ni wewe. Mwenye mwendo wa pole awe wa pili kwenye mstari, mwendo wake uwe ndio mwendo wa wote. Ukimweka nyuma, kila mkisimama kumngoja ninyi mmepumzika na yeye ndio kwanza anafika, nanyi mnaondoka. Wa mwisho awe mtu imara mwenye sanduku la dawa.

Tena wekeni ahadi mkiwa bado mmekaa vitini, mmeshiba: yeyote akisema "turudi", mnarudi, na mabishano yatakuwa nyumbani. Hili mtu hulichukulia kama mzaha mpaka asikie yaliyowakuta vijana wanne walioingia msitu wa Amazon upande wa Bolivia mwaka 1981. Njia ilikuwa ndefu kuliko walivyodhani, mmoja miguu ikamharibika, wakaanza kukwaruzana, wakagawana wawili wawili. Wawili walioamua kurudi kwa miguu hawakuonekana tena. Wawili wengine walishuka mto kwa chelezo, maji yakawatenganisha. Kevin Gale ndiye aliyetangulia kuokolewa, na wenyeji wa mtoni ndio waliomwokoa. Kisha akarudi nao kwa mtumbwi kumtafuta mwenzake, Yossi Ghinsberg, wakamkuta hai baada ya majuma matatu hivi peke yake. Angalia vizuri kisa hicho. Mgogoro ulianza miguuni, na wokovu ulitoka kwa watu wanaoujua mto.

Basi tuzungumze miguu, maana hapa nina kovu.

Kanuni ni fupi: nguo za maji na nguo za kulalia, basi. Nguo za maji ni za kutembea. Zitalowa dakika ya kumi, kwa jasho kama si kwa mvua, na hazitakauka kamwe. Nguo za kulalia hukaa ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya mfuko mwingine wa plastiki, hazitoki mpaka mko chini ya turubai. Mtihani si wa jioni, ni wa asubuhi: uvue nguo kavu zenye joto, uvae zile baridi zinazonuka na kushikamana. Hakuna jambo la msituni ninalolichukia kama hilo. Siku ya pili nilijidanganya. Nikavaa soksi kavu, "leo tu". Kufikia usiku sikuwa na soksi kavu hata moja, na siku ya nne nyayo zangu zilikuwa nyeupe, zimekunjamana kama za mtu aliyeshinda baharini, ngozi imeanza kupasuka. Nikawa nakanyaga kama niko juu ya makaa. Sikuwaambia wenzangu. Ndiyo, yule shujaa niliyemsema juu ni mimi.

Kila jioni vua viatu, osha miguu, kausha katikati ya vidole, itazame kwa tochi, uiache wazi usiku kucha. Ruba wakikung'ang'ania usiwachome kwa moto wala kuwavuta kwa hasira. Pitisha ukucha mdomoni mwake ataachia. Damu itaendelea kutoka kwa muda kwa sababu mate yake huzuia damu kuganda. Haitishi, inachafua tu.

Mengine nayapitia haraka kwa kuwa yanaandikwa kila mahali. Maji yachemke kwelikweli kwa dakika 1 nzima, na mkiwa juu ya mita 2,000 ziwe 3. Chanjo ya homa ya manjano uipate angalau siku 10 kabla ya safari. Dawa za kukinga malaria muulize daktari, kisha uzimalize kama alivyosema, maana baadhi huendelea kumezwa mpaka wiki 4 baada ya kutoka msituni na watu huziacha siku waliyofika nyumbani. Ukipata homa hata miezi baadaye, mwambie daktari ulikuwa wapi kabla hajauliza. Ukiumwa na nyoka usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kubana: tulia, kiungo kisitikisike, na safari ya hospitali ianze sasa. Na kabla ya kufunga turubai tazama juu. Tawi kavu linaloanguka usiku halina sauti ya onyo.

Nimefika kwenye jambo ambalo hakuna aliyeniambia.

Tulikuwa tumejiandaa kwa nyoka, kwa mvua, kwa kupotea. Hatukuwa tumejiandaa kwa watu. Kichwani mwetu msitu ulikuwa pori tupu, nasi ndio wa kwanza. Siku ya tano tukaona kijia kimefyekwa, halafu moshi, halafu nyumba mbili ukingoni mwa mto. Mwenzetu akapiga hatua za furaha moja kwa moja hadi uani, panga mkononi, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa ametembea tangu asubuhi. Mtoto aliyekuwa nje akakimbia ndani akilia. Watu watano wenye tope, mapanga na mabegi makubwa, wasiojulikana: ungekuwa wewe ungefanyaje?

Siku hizi tukiona dalili ya makazi, mapanga yanaingia alani, tunasimama mbali, tunaita kwa sauti ya kawaida, tunaweka mizigo chini na kungoja. Tunangoja mpaka mkubwa wa pale atoke. Kungoja huko kunaweza kuchukua nusu saa, na si dakika zilizopotea, wanakutazama, wanaamua. Kisha unasema mnatoka wapi, mnakwenda wapi, mko wangapi. Fikeni jua likiwepo. Anayebisha hodi gizani anamlazimisha mwenyeji achague kati ya hofu na ukarimu, na huo si uungwana.

Wale walitupokea, pamoja na lile panga. Mzee mmoja, mkewe, na mjukuu wao kijana aliyejua maneno machache ya lugha tuliyoweza kuisema. Tukaomba kulala. Mzee akatuonyesha mahali juu kidogo, penye mizizi na mawe, pabaya kwa macho yetu. Chini palikuwa na mchanga laini kando ya mto, kama umetandikwa. Tukamwonyesha mchanga. Akatikisa kichwa, kijana akatafsiri neno moja: "Hapana." Tukauliza kwa nini. "Hapana." Tukaona labda ni mambo ya mizimu, tukashukuru kwa heshima, na wawili wetu wakafunga hema lao mchangani. Usiku ule pale kwetu haikunyesha hata tone. Lakini ilikuwa imenyesha huko juu, mbali, na usiku wa manane mto ukapanda ukalichukua hema na viatu pea moja. Waliokuwemo walitoka kwa sababu mzee alikuwa amekaa macho na taa yake. Alijua hawakusikia, akawangoja.

Tangu hapo mwenyeji akisema hapana, kwangu ni hapana, na sababu nitaijua baadaye au nisiijue kabisa. Mtu anayeishi mahali hana desturi ya kueleza kila analolijua, kama wewe usivyomweleza mgeni kwa nini hugusi ile swichi ya jikoni. Mwaka 2023 watoto wanne wa jamii ya wenyeji walinusurika ajali ya ndege ndogo katika Amazon ya Kolombia, wakaishi siku 40 msituni, mkubwa wao akiwa na miaka 13. Alijua tunda lipi linaliwa. Jeshi lilikuwa na helikopta, na bado wenyeji wa msitu waliojitolea waliingia msituni pamoja na askari, na wao ndio waliowakuta.

Asubuhi bibi aliniona nikichechemea. Hakuuliza. Akaninyooshea kigoda karibu na moto, akanivua soksi mwenyewe, akaitazama miguu yangu muda mrefu, akasema neno lililomfanya mjukuu wake acheke hadi akashindwa kutafsiri. Kisha akatuambia, kwa vidole, siku tatu. Nikafungua mdomo kueleza ratiba. Akanyanyua vidole vitatu tena.

Tukakaa siku tatu. Na hapo lilikuja swali ambalo kila mgeni atakutana nalo: unamlipaje mtu ambaye hajataja bei? "Mgeni njoo, mwenyeji apone," husema wahenga, ila wasafiri wengi wa mabegi wameugeuza, wao wanapona na mwenyeji anabaki na ghala jepesi. Kama familia haina ziada, vinywa vitano vyenu ni njaa ya mtu mwezi ujao. Sisi tuliacha nusu ya chakula chetu mikononi mwa bibi siku ya kwanza, si ya kuondoka, ili apange mwenyewe. Tulichota maji, tulipasua kuni vibaya tukafundishwa kuzipasua. Siku ya kuondoka tuliacha panga zuri na turubai, vitu wanavyovitumia. Pesa nayo si tusi. Pale ambapo wenyeji hupokea wageni kama kazi, lipa kiasi kinachojulikana na usipunguze bei. Peremende kwa watoto acha. Vidonge usigawe ovyo. Dozi nusu ya dawa usiyoijua mgonjwa wake ni madhara yaliyovaa shukrani. Picha uombe kwanza, na ukikataliwa kamera irudi begini, isiwe imening'inia kifuani ikingoja.

Kuna na wasiotaka wageni kabisa. Wapo watu msituni waliochagua kukaa mbali, na Brazili tangu 1987 sera yake ni kutowatafuta, kwa sababu mafua yako ya kawaida yanaweza kuwaua kijiji kizima. Ukiona alama ya kuzuia njia, vijiti vimesimikwa au kamba imefungwa, umeshajibiwa. Geuka. Na ukiwa na kikohozi, hata kwa wenyeji waliokuzoea, lala mbali.

Kisa kimoja nakipenda kuliko vyote. Tarehe 24 Desemba 1971 ndege ilivunjika angani juu ya msitu wa Peru, na aliyepona ni msichana mmoja tu, Juliane Koepcke, miaka 17. Alifuata kijito kama baba yake alivyomfundisha, siku baada ya siku, akiwa na jeraha lililojaa mabuu, mpaka akakuta mashua na kibanda mtoni. Mashua ilikuwepo, mto ulikuwepo. Hakuichukua, kwa sababu hakutaka kuiba. Akalala kibandani, na wafanyakazi wa msituni walipokuja wakamsafisha vidonda na kumpeleka kwa watu. Hata anayekufa anaweza kukumbuka kwamba msitu una wenyewe.

Sisi tulipoondoka tuliahidi picha. Kila msafiri huahidi picha, na bibi alitikisa kichwa kama mtu aliyeshaahidiwa mara nyingi. Ilinichukua miaka miwili. Nilirudi na mwenzangu mmoja tu, tukasimama mbali, tukaita, tukangoja. Bibi akatoka. Nikamnyooshea bahasha. Hakuipokea, akainama kwanza, akatazama miguu yangu.