Uliza Mwalimu: Tofauti ya "put you up" na "put up with you"

Shikamoo Mwalimu. Niko mapokezi kwenye nyumba ya wageni hapa Paje. Wiki iliyopita aliingia mama wa Kiingereza ambaye hakuwa ameweka nafasi, akaniuliza, "Could you put me up for two nights?" Nikamjibu kwa bashasha, "Yes madam, we can put up with you." Akanitazama kidogo, akacheka, akasaini kitabu. Mwenzangu anasema nimemtusi mgeni. Ni kweli?
Mpokea wageni, Paje

Marahaba, mwanangu. Hukumtusi, lakini ulichomwambia ni hiki: "Ndiyo mama, tunaweza kukuvumilia." Yeye aliomba malazi. "Put somebody up" ni kumpa mtu pa kulala. "Put up with somebody" ni kumstahimili mtu anayekukera. Alicheka kwa sababu uso wako ulikuwa umeshamkaribisha kabla ya maneno. Siku nyingine mwambie tu, "Yes, of course, we have a room for you."

Nataka nikae kidogo kwenye swali lako, kwa sababu barua za namna hii napata nyingi na wengi wanaoziandika wanajiona wazito wa kuelewa. Si wazito. Samuel Johnson, aliyechapisha kamusi yake kubwa ya Kiingereza London mwaka 1755, aliandika kwenye dibaji kwamba vitenzi hivi vyenye vijineno nyuma ndivyo vinavyowapa wageni shida kubwa kuliko yote. Akatoa mifano: "fall off", "set out", "take off". Kama mwenye lugha alilikiri hilo, wewe wa Paje usijisute.

Sasa itazame lugha yako mwenyewe. Asubuhi unapiga mswaki, unapiga deki baraza, unapiga pasi sare, unampigia bosi simu. Hakuna aliyepigwa hapo. Mgeni anayejifunza Kiswahili akilitafsiri neno "piga" peke yake, atadhani nyumba yenu ina ugomvi tangu alfajiri. Wewe hukuwahi kukaa chini ukajiuliza "piga" inafanya nini ndani ya "piga pasi". Ulilipokea nzima kutoka kwa mama yako, pamoja na pasi yenyewe na makaa yake. "Put up with" nayo ipokee hivyo hivyo, nzima, bila kuichambua neno moja moja.

Vipo vingine ambavyo ni vyepesi, na hivyo unaweza kuvikisia. Sisi tunasema hama na hamia, Mwingereza anasema "move out" na "move in". Sisi tunabadilisha mkia wa kitenzi, yeye anakiacha kitenzi kilivyo na kukifungia kijineno nyuma. Kazi inakuwa ngumu pale kijineno kinapoigeuza maana yote: "give" ni kutoa, "give up" ni kukata tamaa au kuacha jambo. Lakini hata sisi tunapokata tamaa hatushiki kisu.

Tafuta daftari dogo, liwe hapo hapo mezani. Usiandike orodha ya "put" zote, utachoka ukurasa wa kwanza. Andika sentensi uliyoisikia, aliyeisema, na kilichokuwa kinaendelea. Dereva amesema "I'll pick you up at six": andika, na pembeni weka "atakuja kuwachukua saa kumi na mbili". Mgeni amelalamika "We've run out of water": andika, "maji yametuishia". Mwezi mmoja kwenye mapokezi utakupa sentensi za kweli nyingi kuliko nilizokuwa nikiwapa wanafunzi wangu kwa muhula.

Shikamoo Mwalimu. Mwalimu wetu alikata "put off it" akaandika "put it off". Nikadhani nimeelewa, nikaandika "look it after", akakata tena. Tushike lipi?
Kidato cha tatu, Tabora

Marahaba. Nilipokuwa nafundisha nilikuwa nachora kiti kitupu ubaoni, katikati ya "put" na "off", yaani kuahirisha. Jina lenye mwili, kama "the meeting", linaweza kukaa kwenye kiti hicho au likasimama nyuma: "put the meeting off", "put off the meeting", zote sawa. Viwakilishi vyepesi kama "it", "him" na "them" haviruhusiwi kusimama nyuma. Lazima vikae kitini: "put it off", "turn it off", "wake him up".

"Look after", yaani kutunza, haina kiti. Hapo "after" ni kihusishi, kimelishika jina linalokifuata na hakiliachi: "look after the child", "look after her". Ukitaka kuzitofautisha, tumia sikio. Tamka "turn it off" na usikie uzito unavyoangukia "off". Kisha tamka "look at it", ambayo nayo haina kiti: uzito uko kwenye "look", na "at" inapita haraka. Mara nyingi kijineno chenye uzito ndicho chenye kiti, ila "look after" yenyewe ikariri tu, sikio halitakusaidia. Mzoeshe sikio kwa kusoma kwa sauti, hata kama wenzako bwenini wanakutazama.

Habari yako, Mwalimu. Bosi wangu kila mara anafuta "about" ninapoandika "we discussed about the budget". Kila mtu hapa ofisini anasema hivyo. Nani yuko sahihi?
Karani, Nairobi

Bosi wako. "Discuss" inashika jambo moja kwa moja, kama tunavyosema tulijadili bajeti. "About" inakuja na "talk", na inakuja pia na jina: "a discussion about the budget". Na kwa kuwa umesema kila mtu ofisini, watazame na hili: wengi wetu Afrika Mashariki tunasema "cope up with". Iondoeni hiyo "up", ni "cope with".

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni fundi simu. Niandike "login" au "log in"? Na bango langu la nje linasema "We setup new phones", mteja mmoja ameniambia lina kosa.
Fundi, Morogoro

Marahaba, fundi. Ikiwa ni tendo, maneno mawili: "log in". Ikiwa ni jina la kitu, neno moja: "your login". Kipimo chake ni wakati uliopita. Tunasema "I logged in", hakuna anayesema "I logined". Mteja wako ameona sawa: kwenye bango ni tendo, kwa hiyo "We set up new phones". Kama rangi imeshakauka, futa hiyo "setup" peke yake. Herufi ni zile zile, unaongeza nafasi tu kati ya "t" na "u".