Kwa Wanaopeleka Timu ya Badminton ya Nchi Ndogo kwa Mara ya Kwanza

Ninyi mnaounda timu kwa ajili ya mashindano ya nchi ndogo za Ulaya, iwe ni Malta, Gibraltar au Visiwa vya Faroe vilivyo chini ya Denmark, msianze kwa kumtafuta bingwa mmoja. Pambano la timu mchanganyiko lina michezo mitano: mmoja wa mwanamume dhidi ya mwanamume, mmoja wa mwanamke dhidi ya mwanamke, na mitatu ya wawili wawili, ukiwamo ule wa mwanamume na mwanamke. Kwa kawaida mchezaji haruhusiwi kucheza zaidi ya mara mbili katika pambano moja, kwa hiyo bingwa wenu, hata akishinda kila anapoingia uwanjani, bado atawaacha mkihitaji ushindi wa tatu kutoka kwa wenzake.

Wanaume wawili na wanawake wawili wanatosha kukamilisha pambano, lakini kila mmoja wao atacheza mara mbili, na mmoja akiteguka kifundo cha mguu, michezo miwili inakuwa hatarini kwa mkupuo. Mwandaeni wa tano na wa sita kwa uzito uleule, hata kama kiwango chao ni cha chini.

Naamini nguvu ya nchi ndogo iko katika michezo ya wawili. Wachezaji wenu hukutana katika kumbi zilezile mwaka mzima, na jozi iliyozoeana, ambayo kila mmoja anajua nani atachukua kinyoya (kile kinachopigwa badala ya mpira) kinachopita katikati na nani atasogea mbele baada ya kuanzisha, huweza kuwashinda watu wawili walio bora kuliko wao mmoja mmoja. Jozi zipangwe miezi kadhaa kabla ya safari.

Nafasi hii ya kucheza kwa jina la nchi yenu msiichukulie kwa wepesi. Mchezaji wa Faroe anayefika Olimpiki huchezea Denmark, ilhali katika badminton ya Ulaya visiwa vyake ni mwanachama kamili na hucheza chini ya bendera yake.

Mkifika ukumbini, jaribuni vinyoya mapema, kwa sababu katika hewa ya joto huruka mbali zaidi. Simameni kwenye mstari wa nyuma, pigeni kwa nguvu kutoka chini kwenda juu: kinyoya chenye kasi sahihi huanguka kati ya sentimita 53 na 99 kabla ya mstari wa nyuma wa upande wa pili.