Jicho jekundu na malengelenge ya mdomoni: usitie hayo matone!

Mkuu, weka chupa chini kwanza. Una malengelenge ya mdomoni, umeuliza virusi vya herpesi vinavyoyaleta hutokaje ndani ya seli, halafu mwishoni ukachomekea kwamba jicho limekuwa jekundu na una matone yaliyobaki ya deksamethasoni, ambayo ni dawa ya steroidi. Hilo la mwisho ndilo limenitoa usingizini.

Nilifanya hivyo hivyo. Jicho lilikuwa linawasha, mwanga unachoma. Muuza dawa hata hakulitazama, akanipa matone ya steroidi: "Mzio tu huo." Siku ya pili wekundu ukapungua, nikamsifu kwa watu! Baadaye herufi zikaanza kuvaa ukungu. Maumivu yalikuwa kidogo, maana kirusi hiki cha herpesi huitia ganzi konea, kile kioo cha mbele ya jicho, kwa hiyo usijipime kwa maumivu. Daktari wa macho akanigusisha kikaratasi cha rangi ya chungwa jichoni, akawasha taa ya bluu, akanionyesha picha. Kidonda ambacho kwa kawaida huanza chembamba, chenye matawi kama mti, kwangu kilishakuwa doa la kijani, pana kama ziwa kwenye ramani. Kovu ninalo mpaka leo. Jicho la kushoto sasa ni la kupambia uso.

Haya, kutoka kwenye seli. Kirusi huundwa ndani ya kiini cha seli. Ganda lake lina nanomita 125 hivi, halipiti kwenye vitundu vya kiini, basi hujipenyeza kwenye utando wake: hujivika joho upande wa ndani, hulivua upande wa nje, kisha huvaa jingine kabla ya kutolewa nje ya seli. Ubaya ni kwamba mara nyingi hutokea pale seli ilipogusana na jirani yake, nyumba kwa nyumba, kingamwili, zile protini za kinga zilizo nje ya seli, zikibaki zinazunguka barabarani. Wa kukizuia hapo ni chembe nyeupe za damu, na steroidi ndizo zinazolaza hao walinzi. Yule bwana aliniuzia usingizi wa askari wangu mwenyewe, tena akanirudishia chenji!

Kwa hiyo: mwenye historia ya malengelenge, jicho likiwa jekundu, hakuna tone la steroidi mpaka konea ipakwe rangi na kuangaliwa. Daktari anaweza kukuandikia steroidi hizo hizo baadaye, lakini pamoja na dawa ya virusi. Yeye ana darubini, wewe una kioo cha bafuni.

Hiyo chupa iko wapi sasa hivi?