Ulimi umepauka, ni damu au minyoo?

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni mama wa miaka 34, niko Tanga. Juzi napiga mswaki nikachungulia kioo nikaona ulimi umepauka kabisa halafu umekuwa laini kama umenyolewa, na pilipili siku hizi inaniwasha balaa. Jirani anasema ni minyoo. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mama. Jirani hajakosea sana, minyoo ya safura inanyonya damu kwelikweli, ila usikimbilie dawa, nenda kapime wingi wa damu kwanza. Ulimi kupauka mara nyingi ni damu pungufu, na huo ulaini ni vile vinundu vidogo vya juu vimepotea, inatokea ukipungukiwa madini ya chuma au vitamini B12, ingawa B12 ikikosekana ulimi huwa mwekundu zaidi. Jikoni weka maini, dagaa, maharage, matembele, kamulia ndimu inasaidia chuma kuingia mwilini, na ile chai ya rangi tunayoshushia chakula jamani, isubirishe kama saa nzima hivi maana inazuia chuma. Hedhi ikiwa nzito waambie hospitali, usione aibu.

Sasa wengine mnaouliza utando mweupe unaokwanguka ukaacha wekundu chini, hiyo mara nyingi ni fangasi, kapime sukari na VVU. Zambarau zinapaka rangi tu, itatoka yenyewe. Ila baka au kidonda kimepita wiki mbili hakiponi, nenda, hata kama hakiumi.