Ukanda mmoja wa Kiseminole unaitosha foronya nzima

Wageni wakiziona foronya zangu huuliza nimepata wapi subira ya kukata vile vimraba vidogo vilivyosimama kwa pembe. Sijakata hata kimoja. Viraka vya Kiseminole huanza na mikanda mirefu: unaiunga kwanza, halafu unakata ulichokiunga na kukiunga upya.

Ni kazi ya akina mama wa Seminole na Miccosukee, wenyeji asilia wa kusini mwa Florida, Marekani. Vyerehani vya mkono viliwafikia kupitia wafanyabiashara mwishoni mwa karne ya 19, na kufikia miaka ya 1910 walikuwa wakipambia mashati na sketi kwa michoro ya moto, mvua na radi. Barabara ya Tamiami Trail ilipofunguliwa mwaka 1928 kukatiza vinamasi vya Everglades wanakoishi, watalii wakawa wateja. Kazi hii haina pamba ya kujazia ndani, ni nyepesi, ndiyo maana inafaa vitambaa vya nyumbani vinavyofuliwa kila wiki.

Tafuta pamba ya rangi moja, iliyofumwa kwa kubana, poplini kwa mfano. Kitenge chenye maua makubwa humeza mchoro. Fua vyote kabla ya kukata. Nyekundu na kaniki mimi siziamini: nalowesha kona, naiweka juu ya kitambaa cheupe, napitisha pasi ya moto. Cheupe kikipata doa, kitambaa hicho hakigusi mashuka yangu.

Anza na mchoro wa miraba, ndio mwepesi. Kata mikanda miwili ya buluu yenye upana wa inchi 2 na mmoja wa njano wa inchi moja na nusu, yote iwe na urefu wa inchi 48 hivi. Njano ikae katikati. Unga kwa kuacha robo inchi ya mshono, na ufupishe hatua za sindano ya cherehani hadi milimita 2, maana mshono huo utaukata, na wenye hatua ndefu ukikatwa hufumuka. Piga pasi, kingo za ndani zilale upande wa buluu. Hilo la pasi usilipuuze, utaona sababu yake sasa hivi.

Kata kwa kuvuka mikanda, kila kipande inchi moja na nusu. Chukua viwili, uteremshe cha pili mpaka mshono wa juu wa njano yake ukutane na mshono wa chini wa njano ya kwanza. Kingo za kimoja zimelala juu, za kingine chini, kwa hiyo zikikutana zinashikana zenyewe. Papasa kwa kidole, utasikia zinavyokaa. Pini moja hapo, shona. Kinachofuata kishuke vilevile, na kingine, mpaka upate ukanda wa mshazari wenye kingo za ngazi. Kwa mdomo wa foronya wenye mzunguko wa inchi 40, vipande 30 hivi vinatosha.

Ncha mbili za ukanda huo zitakuwa zimelala mshazari, na wengi huzikata wakatupa. Hasara bure! Kata ukanda wima mahali popote katikati, halafu zilete pamoja zile ncha zilizolala na uziunge: ngazi zinaingiana, na ncha ulizobaki nazo zimenyooka. Mimi hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote.

Sasa nyunyizia wanga, piga pasi kwa kuinua na kuweka bila kuburuta, kisha weka rula robo inchi nje ya pembe za miraba ya njano na ukate ngazi zote mbili. Ukikata palepale penye pembe, mshono utakula ncha za miraba. Kingo zilizobaki ni za mshazari, zinavutika kwa urahisi mno, kwa hiyo siku hiyohiyo zishonee pembeni mikanda iliyokatwa kwa kufuata uzi wa kitambaa.

Kwenye foronya, ukanda ukae karibu na mdomo. Ukiuweka katikati, mtu ataamka na alama za mishono shavuni. Kwa nyuma weka bitana nyepesi ifunike mishono, kwa sababu ovaloki peke yake haizuii nyuzi kuchomoka baada ya kufua mara nyingi. Kitambaa cha meza nakipamba sehemu inayoning'inia tu. Juu ya meza glasi haitulii kwenye mishono. Taulo la jikoni la pamba bapa linapokea ukanda vizuri. Taulo la kuogea lenye manyoya naliacha, linarudi kivyake na ukanda unarudi kivyake.

Na ukanda uwe mmoja. Nimeona foronya zenye mitatu, kila mmoja na mchoro wake, na jicho halijui litue wapi.

Ukifikia kuuza, mwambie mteja wazi kwamba mtindo ni wa Waseminole na mshonaji ni wewe. Marekani ina sheria ya mwaka 1990 inayokataza kuuza kazi ya mikono kwa kudai imetengenezwa na wenyeji asilia wa nchi hiyo wakati si kweli. Mimi nashonea kilebo kidogo ndani ya pindo: jina langu, na chini yake "mtindo wa Kiseminole, Florida".